Shingo ya Masunga

Jumatatu, 7 Julai
Wagonjwa sita wa mazoezi ya viungo leo. Wa mwisho Masunga, mpanga marobota wa kiwanda cha kuchambua pamba hapo ng'ambo ya barabara. Alianguka kutoka juu ya lori mwezi wa tano. Nikamfunga mkanda wa leza kichwani, kiti sentimita tisini kutoka ukutani. Fumba macho, geuka kushoto, rudi pale ulipoanzia. Shingo nzima hukirudisha kichwa mahali pake bila msaada wa macho. Taa ilipotua ukutani nikapiga alama kwa penseli. Mwezi uliopita alikosea sentimita kumi na moja. Leo tatu, mbili, tatu. Nimefurahi mno! Anataka barua ya kurudi juu ya lori. Msimu umepamba moto na nyapara hamshikii nafasi zaidi ya wiki hii.

Jumanne, 8 Julai
Nimempa barua. "Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma, asante mama, akaikunja mara nne. Ana watoto watano kule Kasoli.

Jumatano, 9 Julai
Umeme umekatika asubuhi. Kiwanda kimya. Mgonjwa wangu Mama Holo, mwalimu mstaafu, huwa hakosei. Leo sentimita nane. Nikarudia. Tisa. Nikakagua mkanda, haujalegea.

Umeme ukarudi, mashine zikaanza kunguruma. Nikampima tena. Mbili.

Mungu wangu. Dirisha langu linatazama kiwanda. Macho wamefumba lakini masikio yako wazi, wanaifuata sauti. Tangu kiwanda kiwashwe mwishoni mwa mwezi uliopita napima masikio ya watu! Na Masunga ana miaka tisa ndani ya ngurumo ile.

Nikavuka barabara mbio na koti la kazi. Yuko juu ya lori, safu ya nne ya marobota, kaupa ukingo mgongo. Nikamwambia ashuke taratibu. Vijana wakacheka. Alishuka.

Alhamisi, 10 Julai
Dirisha nimefunga. Masikio ya Masunga nimeziba kwa pamba. Kumi, kumi na mbili, kumi. Akafumbua macho akaiona taa mwenyewe.

"Si uliandika wewe, mayu?"

Niliandika mimi. Nimekosea mimi. Nilimwambia hivyo hivyo, nikaichana barua aliyokuja nayo. Kisha nikaenda kwa nyapara, nikamweleza kosa ni langu, amsubiri. Akaniuliza mimi ni mtaalamu wa namna gani. Nina aibu.

Ijumaa, 11 Julai
Nafasi kapewa mtu wa Lalago. Nimewaita wagonjwa wote warudi kupimwa upya. Wawili wamefoka. Haki yao.

Jumatatu, 14 Julai
Sikutegemea Masunga angekuja. Saa nne kaingia, hakunisalimia, kakaa kwenye kiti na kujiziba masikio mwenyewe. Kushoto, katikati. Tisa. Kulia, katikati. Nane. Nikasita.

"Andika," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe.

Nikaandika nane. Tukaendelea na mazoezi.