Replika

Jumamosi, 3 Agosti
Nimerudi kutoka mjini Suva na jino la nyangumi! Mdogo wangu Vilive alimtorosha Losana bila kumposa kwa baba yake, na kwa desturi yetu, bila jino wazee wa kijiji chao hawapokei msamaha. Miezi saba Losana hajamwona mama yake. Ukoo ulitaka nitoe jino la babu, hili la ukutani kwangu. Nikasema, la nini hilo la kizamani? Mimi nimezunguka bandari kumi na moja – jikoni, sawa, lakini meli ni meli – nitawaletea la kisasa. Dukani yalijaa rafu nzima, yote yanafanana. Kadi imeandikwa REPLIKA. Muuzaji akasema halina tofauti hata chembe, bosi. Daraja la kwanza basi. Jepesi kidogo. Nimelivisha kamba ya jino la babu. Linapendeza!

Jumatano, 7 Agosti
Wamepokea! Nilipiga goti, nikasema kwa sauti ya kepteni: “Wazee wangu, hili si jino tu. Hili ni replika!” Makofi mazito. Mzee Taniela, baba yake Losana, akalishika, akalibusu, akalia kama mtoto. Losana akamrukia mama yake. Hata mimi nililia, kamasi tele. Kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, tumekunywa bakuli hata sikumbuki ngapi.

Ijumaa, 9 Agosti
Neno langu limeenea kijiji kizima. Shemeji Mere kafunua sufuria: “Njooni, leo muhogo ni replika!” Vilive anasema mtoto wao akizaliwa atakuwa replika ya babu Taniela. Mwalimu Akisi nusura apaliwe na chai. Akanivuta pembeni. Akauliza: Kepteni, unajua maana yake? Nikamwambia ni kitu cha hali ya juu, dada, wewe hujasafiri. Akasema ni nakala. Kitu kilichotengenezwa kifanane na chenyewe kwa kila hali, ila sicho. Nikacheka. Yeye hakucheka.
Muhogo sikula.

Jumapili, 11 Agosti
Kumbe niliwaambia ukweli wazee wote, kwa neno ambalo hakuna aliyelijua, hata mimi mwenyewe! Ningekuwa nasimuliwa ya mtu mwingine ningecheka hadi nidondoke.
Hapana. Niandike sawasawa, hapa hasomi mtu. Mkono wangu ulijua. Jino lile lilikuwa jepesi kama kijiko cha plastiki. Nilijua palepale dukani. Sikutaka tu kuachana na la babu. Mimi, ninayegawa hata shati la mgongoni! Ukutani limebaki uchi, bila kamba. Linanitazama.

Jumatatu, 12 Agosti
Balaa. Mzee Taniela ameniita. Kesho wanakwenda ng'ambo ya mto kumposea mwanawe wa kiume, na jino watakalotoa ni lile letu. Anataka mimi ndiye niseme. Nikasingizia kikohozi. Akanipiga begani, akasema kohoa huku unasema, mwanangu, mdomo kama wako hatuna huku kwetu. Losana akaniletea samaki wa tui. “Shemeji, umenirudisha kwetu.” Nikamtazama samaki.
Nikisema, amani yao inavunjika, na Losana atafungiwa mlango tena. Nikinyamaza, mzee ataaibika mbele ya wakwe zake wapya. Wanasema mzee wa ng'ambo hulikwaruza kila jino kwa kucha, ajue kama ni la kweli, kabla ya kulipokea.

Jumanne, 13 Agosti
Naandika nyuma ya nyumba ya wenyeji. Nimesema naenda haja. Jino la babu liko kwenye mfuko wangu, nimelizungushia taulo. Zito! Limenivuta bega njia nzima. Lakini kamba yake iko kwenye lile lingine, na lile lingine liko mikononi mwa mzee Taniela, naliona kutoka hapa, analifuta kwa kiganja. Lazima kwanza nimwambie. Nimwambieje mbele ya watu wote hawa?
Wameshakaa. Mzee wa wenyeji amenyoosha mkono, ana kucha kweli. Taniela anageuka huku na huku kunitafuta, anacheka kwa furaha.
“Kepteni! Njoo, mwanangu. Anza na lile neno lako!”