Damu ya Junju, Mwili wa Nairobi

Kilifi, Alhamisi, Mei 1989. Mvua imekatika, joto ni la kufukiza.

Shajara yangu, leo nakuandikia nikiwa barazani mwa hospitali. Mwandiko ukipinda usinilaumu.

Naogopa.

Asubuhi nilikwenda kazini kama mtu mzima mwenye akili zake. Kazi yangu, katika utafiti wa malaria hapa hospitalini, ni kuingiza kwenye kompyuta vipimo vya damu za watoto. Nachapa kwa vidole viwili, kama kuku adonoaye mtama, na wenzangu wana haki ya kunicheka. Leo mashine ilivijumlisha vyote ikatuchorea picha ya nukta: kila mtoto na kinga yake ya malaria. Wa vijiji vyenye mbu wengi, kadiri wanavyokua ndivyo nukta zao zinavyopanda. Wa mahali pasipo mbu wa malaria, nukta zao zimelala chini kabisa.

Nikamuuliza daktari wa utafiti, kwa mzaha, "Na mtoto wa Nairobi ambaye babu yake ni mtu wa huku?"

"Mzee, kinga hii hairithiwi kwa babu. Mwili hujifunza kwa kuugua na kuugua tena."

Nikacheka. Kisha nikamfikiria wetu wa nyumbani.

Kazungu, mjukuu wangu na somo yangu, mwenye jina langu, ana miaka mitatu. Amezaliwa Nairobi, na mwanangu Charo amemleta kwetu Junju majuma matatu tu yaliyopita.

Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani. Nikamkuta mapajani mwa mke wangu, anachemka, macho yamelegea.

"Mume wangu amechoka tu," mke wangu akanitania, akimpapasa mtoto. "Au waona wivu?"

"Twende hospitali, mama Charo. Sasa hivi."

"Mashine yako hiyo imekuroga! Huyu ni damu ya Junju. Charo aliugua mara ngapi, na mwarubaini ukamponya?"

"Charo alijuana na mbu wa Junju tangu yuko mgongoni mwako. Huyu na wao hawajuani."

Akainuka. Kisha akajitanda leso, akamfunga mtoto mgongoni, akanitangulia njiani.

Ni malaria, tena kali. Wametundika maji yenye kwinini. Degedege lilipomshika, mke wangu alimwita kwa jina, "Kazungu! Kazungu!" na mimi, mzee mzima, nikaitika.

Nilimuuliza daktari yule yule kompyuta yasemaje juu ya huyu. Akasema kompyuta husema juu ya watoto wengi, mmoja haimjui.

Wamechukua damu yake kidogo kwa ajili ya utafiti. Nimekubali. Vipimo vitaletwa mezani kwangu, kama vya wengine wote. Mungu anijalie siku hiyo nivichape huku mwenyewe yuko nyumbani, anamsumbua bibi yake.