Tukimaliza Novgorod Tutaongea

Shangazi Orla mpendwa,

Naomba unisaidie, kupitia safu yako ya gazetini, kuelewa jambo ambalo nimeligeuza kichwani majira yote ya baridi, na usicheke ukisikia kwamba linahusu mchezo wa kompyuta. Mimi na mpenzi wangu, nitamwita Renny, tunacheza pamoja mchezo wa vita na utawala wa kale, mimi nikiitawala Novgorod na yeye Lithuania, kila Jumamosi tukitoka kuoga mvuke kwenye sauna ya wazazi wangu, na kampeni yetu ilianza mwaka 1200 na itakwisha 1450. Mwanzoni kila zamu ilikuwa mwaka mzima, yaani ukishasogeza majeshi yako na kujenga unachojenga, mwaka unapita, na kwa mwendo huo tungemaliza kabla barafu ya ziwani haijayeyuka.

Januari nikapata nafasi ya kusomea uzamivu wa historia huko Halifax, kule pwani ya Atlantiki, wakati Renny ana kazi nzuri bandarini hapa Thunder Bay, na nilipomwambia akasema, "Tumalize kwanza kampeni, halafu tuongee vizuri," nami nikakubali kwa sababu ilionekana kama ahadi.

Jumamosi iliyofuata mfalme wake akaanza kuugua. "Tupunguze mwendo, bibiye," akasema. "Mzee hajauteka hata mji wa Smolensk, unamzika kwa nini?" Basi, kwa kuwa mchezo uko kwenye kompyuta yangu na yeye huingia kama mgeni tu, nikafungua faili la mipangilio nikaweka zamu mbili kwa mwaka, na mzee akafika Smolensk. Baadaye akaomba zamu nne, moja kwa kila msimu, kwamba haifai jeshi litembee kiangazi na theluji kwa hatua moja, na kihistoria hakukosea, nikabadili. Sasa ziko kumi na mbili. Ila elimu katika mchezo huu huhesabiwa kwa zamu, si kwa miaka, kwa hiyo tulijikuta na mizinga ya baruti nusu karne kabla ya wakati wake, na Renny akacheka mpaka akamwaga kahawa: "Wakulima wako hawana viatu, lakini mizinga wanayo." Mimi sikucheka, nilishinda Jumapili nzima nikipandisha gharama za elimu ili zilingane na mwendo mpya.

Halifax wanataka jibu mwisho wa mwezi huu. Sisi tuko mwaka 1291. Ninachotaka kujua, na nauliza kwa udadisi, si kwa hasira, ni hiki: mwanamume anayeomba miaka ipite polepole anasema "usiende," au anampenda tu mfalme wake? Na nitajuaje bila kuziharibu Jumamosi zetu?

Malkia wa Novgorod

*

Malkia,

Sijacheka, ila kwenye mizinga nilitabasamu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia Renny. Mara ya pili nikauona mkono wako.

Umesema mwenyewe kwamba mchezo uko kwako na yeye ni mgeni. Basi Renny hawezi kuongeza hata wiki moja kwenye mwaka wa Novgorod mpaka wewe ufungue lile faili. Yeye aliomba, wewe ukatenda. Na mizinga ilipochomoza kabla ya wakati, mtu anayetaka kumaliza angerudisha mwaka ulivyokuwa, akaendelea na safari. Wewe, msomi wa historia, ulitoa Jumapili nzima ili polepole yenu iende bila kasoro. Halafu unaniuliza moyo wa Renny una nini, kana kwamba wako umemwazima mtu.

Usiniambie ulikuwa unamfurahisha. Ulikuwa unajipatia wiki nyingine ya kutojua. Nami nakuelewa, binti yangu, kwa sababu kukaa bega kwa bega na mtu, nywele bado mbichi, bila yeyote kulazimika kusema neno, ni raha kubwa. Lakini ulishajifunza kwamba mambo mengine huhesabiwa kwa zamu na mengine kwa miaka. Halifax hawahesabu zamu zenu.

Kwa hiyo Jumamosi hii nunua Persian mbili, yale maandazi ya hapo kwenu yenye sukari ya beri juu, ukae naye mezani, kompyuta ikiwa imezimwa. Usimuulize alimaanisha nini kuhusu mfalme, maana atajificha nyuma ya mfalme huyo huyo. Anza wewe. Mwambie unataka kwenda au hutaki, kwa sentensi isiyo na Novgorod ndani yake, na kama sentensi hiyo huna, itafute kuanzia leo, kwa sababu hiyo si kazi ya Renny. Kisha muulize kama atakuja, atangoja, au hapana. Unyamaze mpaka ajibu. Akisema, "Tumalize kwanza," mwambie mmeshamaliza.

Jumamosi zenu haziharibiki kwa swali. Atakayetaka kuingia kama mgeni ataingia hata kompyuta ikiwa Halifax, mtandao unafika huko.

Mkishaongea, lifungue lile faili, naye akiwa anatazama, urudishe zamu moja kwa mwaka. Mwache mzee wa Lithuania afe kwa wakati wake. Smolensk alishafika.

Shangazi Orla