Pomboo wa Mwenzangu

4 Februari

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila chumvi imenikausha midomo.

Kazi ya kuhesabu nyangumi na pomboo imeanza. Juu ya boti tunakaa wawili, katikati ubao tusionane, na kuambizana marufuku. Kila mtu anaandika alichoona. Mkuu wetu wa kazi akilinganisha orodha zetu, tunapopishana ndipo anapojua ni wangapi wanatuponyoka. Jana tu tumepata aina tatu!

Mwanao

15 Februari

Mwanangu, marahaba. Mgongo unasumbua, lakini nadunda. Nimewasimulia wateja wote hapa saluni mpaka nikamsuka mmoja upande mmoja nikamsahau.

Ila hebu niambie, wewe unaona mbali tangu lini? Likizo iliyopita uliliamkia koti lililoanikwa kwa jirani.

Mama

2 Aprili

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya, swali lako lilinichoma. Sioni mbali. Niliogopa kunyimwa kazi.

Kiti cha mwenzangu hulia akiinama kushika darubini, na akiandika hunong'ona jina la mnyama. Mimi hutega sikio, nikaandika hilo hilo. Jana mkuu alitusifu mbele ya wote: hatupishani, kwa hiyo hakuna mnyama anayetuponyoka. Ndivyo taarifa itakavyosema. Mwenzangu akanikumbatia kwa furaha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu, marahaba. Leo sina utani. Kaseme kabla taarifa haijatoka. Nimefunga saluni mapema, sijui nitawatazama vipi watu niliowajaza sifa zako. Nimeona aibu, sikufichi. Lakini kaseme.

Mama

30 Aprili

Mama, shikamoo. Nimesema. Mkuu alizuia taarifa. Msimu mzima utarudiwa, na jasho la mwenzangu limekwenda na uongo wangu. Nikimsalimia haitikii. Kazi sina tena.

Ijumaa napanda basi la jioni, nifike watu wamelala. Tafadhali usimwambie mtu.

Mwanao

3 Mei

Mwanangu, marahaba. Basi la jioni liache liende zake. Panda la asubuhi. Utashuka mbele ya saluni imejaa watu, nami nitatoka na mafuta yangu mikononi nikupokee begi. Wa kucheka na acheke. Kesho yake tutakwenda kupima hayo macho.

Aibu bado ninayo. Ndiyo maana sitaki uibebe peke yako.

Mama