Bhagirathi, Jina Nililomtwisha Wifi

Nyuma ya Soko la Vitambaa,
Surat, Gujarat.
9 Machi 1998

Mpendwa Kaka Jayant,

Dada yako bahati imenikalia kichwani kama kilemba cha bwana harusi! Nimepata nyumba ya vyumba vitatu, ina roshani inayotazama mto wa Tapi, na feni kila chumba. Hata kunguru wakipita hapa hupunguza sauti. Nimelitanguliza hili usije ukanihurumia. Wewe je, u mzima? Joto la Muscat limekuachia nyama mwilini? Na wifi yangu Nalini, mgongo umepoa? Sisi huku tunapumua, ila Mama bado anakohoa.

Kaka, nimelipa kisasi, na ni kitamu kuliko halwa ya harusi.

Unajua Hetal, mke wa mdogo wetu Kirit, alivyomtenda Mama. Alimvua funguo za nyumba kiunoni mbele ya wageni, akamhamishia stoo chini ya ngazi, eti kikohozi chake kinatia aibu. Mama analala na magunia ya mchele. Kirit naye kimya, kama ng'ombe aliyeshiba. Nikaapa: huyu mwanamke nitamwasha pale mkono wake usipofika kujikuna.

Basi wakapata mtoto wa kike. Kuhani akatazama nyota, akasema jina lianze na Bha, Dha au Fa. Hetal akaidaka hiyo Fa kama mwewe.

"Wifi, tumeshachagua. Ataitwa Fiona. Wewe kazi yako kutamka tu."

Mimi! Shangazi mtu, mwenye haki ya jina tangu enzi za babu wa babu, leo nimekuwa kipaza sauti. Nikamwambia, "Sawa, wifi. Nitatamka mpaka majirani wasikie."

Siku ya kutoa jina ikafika. Watoto wanne wakashika pembe za kitambaa, mtoto katikati, wakawa wanambembeza huku wanawake wakiimba. Mama kasimama mlangoni pa stoo yake. Wimbo ulipofika penye jina, nikajaza mapafu: "Bhagirathi!"

Jina la Mama, Kaka! Na jina likishatoka kinywani mwa shangazi, mtoto yumo kitambaani, halirudi tena.

"Wifi, umekosea!"

"Sijakosea, wifi. Meno ninayo yote."

"Hilo jina la ajuza wa kuuza biringanya! Jina la..."

Hapo mama yake mzazi akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza! Jina la mama mkwe wako hulitaji hata ndotoni!"

Utamu wenyewe ndio huo. Desturi imemfunga. Hawezi kumwita mwanawe, hawezi kumfokea. Anamwita "wewe".

Kuhani akaanza kulieleza jina, nami nikamwomba arudie polepole, Hetal asikie vizuri. Mfalme Bhagirath alikuta mababu zake wamekuwa majivu, hawana wa kuwaosha. Akasimama kwa mguu mmoja miaka na miaka, mpaka mto Ganga ukakubali kushuka kutoka mbinguni uwaoshe. Ndipo mto ukaitwa Bhagirathi, binti wa Bhagirath. Mimi shule niliikimbia darasa la tano, lakini hili nimelielewa: ni jina la asiyesahau wazee wake waliotupwa. Tena maji yale yaliposhuka, nusura yaipasue dunia. Hetal na ayabebe mgongoni mpaka azeeke!

Hapo Hetal akanirukia: "Basi mchukue na mwenye jina!"

Nikamjibu mbele ya ukoo mzima, "Namchukua! Nyumba yangu ina vyumba vitatu." Mama akacheka, Kaka. Sijamwona akicheka tangu sikukuu ya Diwali. Kesho yake akafunga sanduku lake, na Jumapili ananingoja nikamchukue.

Nisalimie sana Nalini, mwambie mafuta ya haradali ndiyo dawa ya mgongo. Wasalimie mwanao Parth na Mjomba Dhiraj. Miungu ya kwetu ikutangulie kila uendako, usiweke mguu mahali pabaya, na usikose mtu wa kukupikia khichdi laini ya wali na dengu siku ukiumwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,
Rasila

N.B. Kaka, ile nyumba ni uongo. Nalala dukani ninapofanya kazi, chini ya meza ya kukatia vitambaa.