Neno la Dada Zuwena

Jumanne, baada ya Isha

Na kesho akifeli, mie simo. Dada Zuwena anasomea shahada ya pili ya lugha na mila za Kiukraini, na kesho anaisoma mada yake mbele ya walimu, kwa kompyuta, hapa hapa sebuleni kwetu Matrah. Wakiikubali ndo anaanza utafiti. Wakiikataa, mwaka mzima umekwenda na maji.

Kutamka nimemfundisha mimi. Shule niliikimbia, lakini kha yangu, ile ya Kiarabu ya kooni, hata Mwukraini ataiomba.

Shida ni hiyo mada. Kachagua udugu wa ubatizo, na mama wa ubatizo kwa Waukraini anaitwa kwa neno ambalo kwetu... hapana, hata hapa siliandiki. Ni tusi la kutiwa pilipili mdomoni. Leo kafanya mazoezi, kalisoma kwa sauti, tena na tena, na Bibi kakaa pale anakunywa kahawa.

"We Zuwena! Umesema nini?"

Nikamwokoa Dada: "Kasema kumbe, Bibi."

"Mie si kiziwi, mwanaharamu we."

Ikabidi Dada aeleze yote. Bibi kaweka kikombe chini. Nikajua kompyuta inaruka dirishani.

"Na hao walimu wenyewe watalisema?"

"Watalisema, Bibi."

"Basi kesho nnakaa hapa hapa. Nnataka kuwasikia."

Dada kaniomba nikae karibu na Bibi, nimzuie asicheke. Nimekubali kwa maringo. Ila ukweli, Bibi simwogopi. Wa kuogopwa ni mimi: likitajwa mara moja tu, nishacheka.