Waya wa Breki kwa Gitaa la Javan

Mbita, 8 Machi 1964

Kwa shemeji Ryoba,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Mbita, mimi na mke wangu Rispa. Sisi ni wazima, ila vumbi la mbao linanikohoza kila asubuhi kabla sijashika hata msumeno. Wewe je, u mzima? Dada yangu Phelesia na mtoto wanaendeleaje huko Migori? Mwambie kuolewa na Mkuria si sababu ya kusahau kupika samaki.

Sasa sikia. Kuna bwana mmoja wa santuri anazunguka kutafuta wapiga gitaa. Mwezi wa nane atakuwa Homa Bay, na watakaompendeza atawapeleka Nairobi kurekodi sahani. Nimeandikisha majina yetu sisi wawili, mimi gitaa la kwanza, wewe besi. Usiniulize kwa nini sikukuomba ruhusa.

Shida ni nyuzi. Mimi hufunga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, kwa sababu ni rahisi na haukatiki upesi. Lakini sauti yake ni kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Tena siku hizi siusikii vizuri vidoleni. Nabonyeza, nabonyeza tena, na bado sijui kama nimefika. Tafadhali nenda dukani kwa Bashir uniangalizie nyuzi za chuma, zenye kitu cha kushika.

Ni mimi shemeji yako,
Javan

Migori, 21 Machi 1964

Shemeji Javan,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mko hai. Hapa pia tunaendelea. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata spana zangu. Dada yako anasema samaki wa Migori wamekufa mara mbili, ndiyo maana hapiki.

Kwa Bashir nimekwenda. Ana pakiti za namna mbili. Za kwanza ni chuma kitupu, bei nafuu, sauti kali, lakini jasho likizigusa zinashika kutu. Za pili zimezungushiwa utepe bapa, laini kabisa, kidole kinateleza bila kelele, na sauti yake ni nene, imeiva. Nilizipapasa hadi Bashir akaninyang'anya. Akaniambia, "Bwana Ryoba, gitaa si baisikeli. Kitu kizuri hakipimwi kwa koleo." Bei yake sitakuambia, usije ukaanguka chini.

Kwa hiyo nimekuchukulia zile za kwanza. Zifute kwa kitambaa chenye mafuta kila ukimaliza kupiga. Mimi kwa besi yangu nimefunga waya wa breki ya baisikeli, mzima mzima. Unanguruma mpaka majirani wanafungua milango.

Shemeji yako,
Ryoba

Mbita, 17 Mei 1964

Shemeji mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi hatujambo, tukimshukuru Mungu. Mvua imeharibu mbao zangu lakini mahindi yamefurahi.

Nyuzi za Bashir nimezifunga. Sauti ni nzuri, lakini yawa, mbona nyembamba hivi? Chini ya vidole ni kama hakuna kitu, hasa kidole kidogo na jirani yake. Nalazimika kutazama mkono ili nijue uko wapi, mimi niliyekuwa napiga gizani. Rispa anasema nimekuwa mzembe. Juzi nilishika chungu cha gundi kilichotoka motoni, nikakibeba mpaka nje, na yeye ndiye aliyepiga kelele. Alicheka, akasema fundi mbao amegeuka kuwa mbao.

Nitafutie nyuzi nene zaidi. Bei isikusumbue sana, lakini isiwe zile za utepe.

Shemeji yako,
Javan

Migori, 30 Mei 1964

Kwa shemeji mgumu wa mikono,

Salamu kwako na kwa Rispa. Huku hakuna homa wala njaa, ni kazi tu. Watu wote wa Migori wamepata pancha wiki moja.

Omera, kama mnavyosema ninyi, nimecheka juu ya chungu hadi nikaita watu. Dawa yako ninayo na hainigharimu kitu. Ndani ya bahasha utakuta waya wa breki. Kipande kimoja nimekifumua: kwa uzi mwembamba tumia uzi mmoja wa waya, kwa wa kati sokota nyuzi tatu pamoja, kwa mnene fanya kama mimi, weka mzima. Shingo ya gitaa lako ni mti mzuri, ulilichonga mwenyewe, litavumilia. Sauti utakayotoa itajaza ukumbi wa Homa Bay bila kipaza sauti.

Ila waya huu unauma. Usikimbilie. Piga kidogo, pumzika, piga tena mpaka ngozi ikomae. Maumivu yenyewe yatakuambia lini uache.

Shemeji yako,
Ryoba

Mbita, 12 Julai 1964

Shemeji,

U mzima? Dada yangu je? Hapa ni furaha tupu.

Ule waya ni moto! Mzee mmoja wa Rusinga ameniuliza kama nimenunua gitaa la umeme. Na kuhusu kuuma, nadhani ni vidole vya Wakuria vinavyoumia, kwa sababu mimi tangu siku ya kwanza sijasikia chochote. Napiga kuanzia ninapofunga karakana mpaka Rispa anaponizimia taa. Yeye analalamika kuwa naacha damu kwenye shingo ya gitaa. Hata mimi nimeiona, lakini kwa kuwa haiumi ni mikwaruzo tu.

Wimbo wetu wa Lambwe sasa nauanza na uzi mnene. Ukiingia na besi yako hapo, yule bwana wa santuri atatafuta kiti. Tuonane Homa Bay.

Shemeji yako mwenye vidole vya chuma,
Javan

Migori, 20 Septemba 1964

Kwa shemeji Javan,

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu. Sisi wengine ni wazima wa mwili.

Tangu siku ile ya Homa Bay sijapata neno kutoka kwako. Kila nikifumba macho nakuona umekaa kwenye kile kiti, wimbo wa Lambwe umefika katikati, na mama mmoja wa mbele anasimama akikuonyesha kidole. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kiwikoni. Wewe uliendelea kupiga ukitabasamu. Yule bwana aliposema basi, ndipo ukautazama mkono wako, ukautazama kama mkono wa mtu mwingine. Waya ulikuwa umeingia ndani kabisa, Javan. Niliona mfupa.

Uliniambia kwenye barua kuwa kuna damu na hakuna maumivu. Nilisoma, nikacheka. Tafadhali nenda hospitali usiwe mkaidi, kisha uniandikie.

Shemeji yako,
Ryoba

Kambi ya matibabu, karibu na mpaka wa Uganda
29 Novemba 1964

Shemeji mpendwa Ryoba,

Nakusalimu wewe, dada yangu na mtoto. Mimi sijambo kidogo. Rispa ni mzima, nimemwacha Mbita na dada zake.

Hospitalini daktari aliniambia nifumbe macho, nimwambie kila anaponichoma kwa sindano. Nilingoja sana. Nikamuuliza, "Mbona huanzi?" Akaniambia amekwisha kunichoma mara nyingi. Kwenye mkono nilikuwa na baka jeupe ambalo nilidhani ni la gundi. Si la gundi, shemeji. Ni ukoma.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeoza kwa kidonda, wamevikata. Wananipa vidonge vyeupe, na wanasema nikivimeza bila kuacha nitapona, wala sitamwambukiza mtu. Hapa watu ni wema, ila siku ni ndefu, na kila barua ikija tunasomeana wote hata kama si yetu. Niandikie. Andika lolote, hata habari za pancha.

Shemeji yako,
Javan

Kambini, 9 Januari 1966

Shemeji,

Hamjambo wote? Mimi sijambo. Nimeandika mara tatu mwaka jana bila kupata jibu, nikajiambia posta imechoka.

Nina habari njema. Daktari amenipima tena na tena na ameniandikia cheti kuwa sina tena ugonjwa wa kuambukiza. Mwezi ujao narudi nyumbani, na nitapitia Migori nimwone dada yangu na huyo mtoto, ambaye sasa bila shaka anatukana kwa lugha tatu. Sitalala, nitapita tu. Kama besi bado iko ukutani, usiishushe, nitaishusha mwenyewe.

Shemeji yako,
Javan

Migori, 6 Machi 1966

Shemeji wangu Javan,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na Rispa. Natumaini ulifika salama. Sisi hatujambo, na mtoto bado anauliza mjomba atarudi lini.

Nina aibu kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka. Barua zako zote zilifika. Sikujibu. Mura mzima, mwanamume wa Kikuria, niliogopa kushika karatasi. Phelesia alilia akitaka kuja kambini, nikamkataza kwa ajili ya mtoto. Na kila baisikeli inayoletwa na breki iliyokatika inaniambia jambo lile lile, kwamba ni mimi niliyekupa ule waya. Ungekuwa na vidole vyako leo kama nisingependa vitu vya bure. Zile nyuzi laini zilikuwepo dukani, nilizishika kwa mkono wangu huu, nikaziacha kwa sababu ya bei.

Ulipokuja na kushusha gitaa langu, ukapiga kwa vidole vilivyobaki, nilitoka nje nikisema nakwenda kuangalia maji. Hayakuwa maji. Nilikuwa nalia.

Sasa nimezinunua. Dereva wa basi atakuletea pakiti pamoja na barua hii, zile za utepe, laini kama Bashir alivyosema. Hazitakukata kamwe. Kuna harusi Lambwe mwezi wa sita, na ninaomba tukapige pamoja, wewe upendavyo, hata nyimbo tatu tu. Nisamehe ule waya, Javan. Sitaacha kuujutia.

Shemeji yako akupendaye,
Ryoba

Mbita, 27 Machi 1966

Ryoba,

Nyuzi na barua vimefika.

Kuhusu waya wa breki, usijitese tena. Ugonjwa ulikuwa mwilini mwangu kabla ya waya. Ulinionya nikiumia niache, nami sikuumia. Wewe hukujua, mimi sikujua, hata Rispa aliyelala kando yangu hakujua. Ulinitumia kile ulichofunga kwenye gitaa lako mwenyewe. Kwa hilo sina neno nawe, na sikuwahi kuwa nalo hata siku ile waliponikata.

Lakini siku niliyokuja Migori nilisahau kofia. Nilikuwa nimefika stendi, nikarudi kwa njia ya nyuma. Ulikuwa umeinama kwenye jiko la makaa na koleo mkononi. Ulikuwa umelifungia gitaa lako nailoni kwa ajili yangu, ili lisinikate, na nilikuwa nimefurahi sana kuona hivyo. Ulikuwa unazikata nyuzi zile moja moja na kuzitia motoni, bila kuzigusa. Nailoni inanuka vibaya ikiungua. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni amejifunika uso kwa leso. Sikuingia. Nilipanda basi bila kofia.

Cheti ulikuwa umekisoma kwa sauti mbele yetu sote, Ryoba. Hapo ulijua.

Lambwe sitakwenda. Phelesia akitaka kuja Mbita, mlango uko wazi, na mtoto pia.

Nyuzi zako narudisha kwa dereva yule yule. Ni nzuri, usizipoteze. Rispa ndiye aliyezipokea, na ndiye aliyezifunga tena kwa karatasi. Mimi sikuzigusa, kwa hiyo unaweza kuzitumia.

Javan